Mawasiliano ya Visiwa na Hukumu ya Hali ya Hewa

Mtu wa kisiwani hana barabara ya kumfikisha bara. Ana bahari, na juu ya bahari ana hewa. Bahari huchukua watu na mizigo, na hewa huchukua habari. Wazee wetu walijifunza kuisoma bahari kabla ya kung'oa nanga. Waliijua kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu, na nahodha aliyeyapuuza mambo hayo hakuhesabiwa kuwa jasiri, bali mjinga. Leo sehemu kubwa ya habari zetu husafiri hewani, lakini hewa hiyo bado hatujajifunza kuisoma kama wazee walivyoisoma bahari. Simu zikikatika wakati wa masika, wananchi hulaumu kampuni. Kampuni hulaumu mvua. Na barua za pande zote mbili hufika ofisini zikalazwa katika faili moja.

Katika safu hii leo twapenda kulieleza jambo hilo kwa utulivu, ili mwananchi ajue ni lipi la kulaumu na lipi la kustahimili, na mtumishi wa Serikali ajue ni maswali gani yampasa kuuliza kabla ya kutia sahihi yake.

Kwanza tukumbushane tulikotoka. Waya wa simu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja mwaka 1879. Baadaye ikaja ile iliyoitwa simu ya upepo, nayo ikatuwezesha kuzungumza na meli, na bara, na visiwa vidogo pasipo waya wowote. Siku hizi ujumbe wa mtu wa Wete au wa Mafia una njia kadhaa. Kuna waya wa nuru unaopita chini ya bahari. Kuna minara inayopelekeana mawimbi ya redio ya masafa ya juu sana. Kuna satelaiti. Na ipo ile njia kongwe ya mawimbi mafupi, ambayo wengi wameanza kuisahau. Hata pale ambapo waya wa nuru umefika mjini, mara nyingi kipande cha mwisho cha safari, kutoka mjini hadi kijijini au hadi kisiwa kidogo, hupita hewani kutoka mnara hadi mnara.

Siku tisa za mwezi wa Mei, mwaka 2024, zilitupa somo ambalo haifai kulisahau. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilitua Mafia, na kabla ya hapo safari za boti kati ya Dar es Salaam na Unguja zilikuwa zimesitishwa. Usiku wa kuamkia tarehe 11 dunia ilipigwa na dhoruba ya jua iliyokuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003. Mawasiliano ya mawimbi mafupi yakavurugika katika sehemu nyingi za dunia, na huko Marekani hata matrekta yanayoongozwa kwa satelaiti yakapoteza usahihi katikati ya msimu wa kupanda. Tarehe 12 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zikakatika, na intaneti ikadorora Tanzania na katika nchi jirani. Upepo na mvua, jua, na sakafu ya bahari: vyote vitatu vilijitokeza katika muda usiotimia wiki mbili. Funzo lake ni kwamba hakuna njia ya mawasiliano isiyo na adui, na kwamba adui wa njia moja si adui wa njia nyingine.

Tuanze na mvua, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Mawimbi yanayotumika kati ya minara hupimwa kwa gigahezi, maana yake mitetemo ya maelfu ya mamilioni kwa sekunde. Kadiri masafa yanavyopanda ndivyo wimbi linavyokuwa fupi. Katika gigahezi 10 wimbi lina urefu wa sentimita 3. Katika gigahezi 80 halifiki hata milimita 4, yaani linakaribiana na tone la mvua lenyewe. Hapo ndipo penye ugomvi. Tone dogo mbele ya wimbi refu ni kama changarawe mbele ya bamvua; lakini tone lililokaribia ukubwa wa wimbi hulinywa na kulitawanya.

Hesabu zake zinajulikana, nazo zimekwisha kukubaliwa na mafundi wa dunia nzima. Tuchukue mvua kubwa, ya milimita 50 kwa saa, ambayo si ngeni kwetu katika masika. Wimbi la gigahezi 6 likipita kilomita moja katika mvua hiyo hupoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Wimbi la gigahezi 20 likipita kilomita hiyo hiyo hubakiwa na robo tu. Wimbi la gigahezi 80 hubakiwa na kiasi cha sehemu moja katika mia. Na hiyo ni kilomita ya kwanza. Ya pili hula katika kilichosalia, na ya tatu vivyo hivyo. Kwa nini basi watu hutumia masafa ya juu namna hiyo? Kwa sababu hubeba habari nyingi zaidi, na antena zake ni ndogo na nyepesi. Ni chombo kizuri cha kuvukia Mji Mkongwe kutoka paa hadi paa. Si chombo cha kuvukia mkondo wa Pemba.

Satelaiti nazo hazikusalimika. Nyingi kati ya zile zinazoleta televisheni na intaneti hutumia masafa ya gigahezi 10 hadi 30, na kila mwenye dishi juu ya paa lake amekwisha kuona picha ikigandamana pindi wingu zito linapotanda. Wingu hilo si lazima liwe juu ya nyumba yake. Yatosha likae katika mstari unaotoka kwenye dishi kwenda angani.

Lakini mvua haihusiki na kila kosa, na huenda jambo hili likawashangaza wengine: njia ya redio inayovuka bahari yaweza kufifia wakati wa shwari. Kwa kawaida hewa hupungua uzito na unyevu kadiri tunavyopanda juu, na kwa sababu hiyo wimbi la redio hupinda kidogo kuelekea chini, likafuata mviringo wa dunia kwa kiasi fulani. Huu ni msaada mkubwa. Kati ya Dar es Salaam na Unguja pana karibu kilomita 70. Lau wimbi lingekwenda mstari ulionyooka kabisa, minara miwili ya kimo sawa ingehitaji kufika mita 96 kila mmoja ili ionane juu ya mgongo wa bahari. Kwa kupinda huko kwa kawaida, mita 72 hivi zatosha kuonana, ingawa fundi mwangalifu huongeza zaidi ili kuacha nafasi.

Tatizo ni kwamba kupinda huko hakudumu katika hali moja. Hewa kavu ya joto ikitanda juu ya hewa yenye unyevu iliyolala baharini, wimbi hunaswa katikati kama maji katika mfereji, likaenda mbali kupita lilikokusudiwa, na huenda likapita juu ya antena lililopelekewa au likaingilia mitambo ya watu wengine. Wakati wa Vita Kuu ya Pili rada iliyokuwa Bombay, India, ilipata kuiona pwani ya Arabuni katika msimu wa joto, umbali unaozidi kilomita 1,500, safari ambayo jahazi huichukua kwa siku nyingi. Nyakati nyingine hali hugeuka, wimbi likapinda kinyume, na minara iliyokuwa ikionana ikafichwa na bahari.

Tena bahari yenyewe ni kioo. Sehemu ya wimbi huenda moja kwa moja, na sehemu nyingine hugonga maji ikaruka. Zikikutana huku zikipatana, husaidiana. Zikikutana huku zikipingana, huuana. Kwa wimbi la gigahezi 6, ambalo urefu wake ni sentimita 5, tofauti ya safari ya sentimita mbili na nusu yatosha kugeuza upatanifu kuwa ugomvi. Na sisi tunaishi mahali ambapo maji ya bamvua hupanda na kushuka kwa mita kadhaa. Kwa hiyo kiungo kilichopimwa asubuhi maji yakiwa yamejaa chaweza kuwa kingine jioni yakiwa yametoka. Dawa yake inajulikana: antena mbili katika mnara mmoja, moja juu na nyingine chini, ili moja ikipigwa na ugomvi huo nyingine iwe salama. Asiyeweka antena ya pili kwa kubana matumizi amewaachia wananchi hasara.

Sasa tuje kwenye mawimbi mafupi, yaani yale ya megahezi 3 hadi 30. Haya hayaogopi mvua. Tone la mvua mbele yake ni kitu kisichoonekana. Tena hayahitaji kuonana, kwa kuwa hupanda hadi tabaka za juu za anga, kilomita 200 hadi 400 kutoka ardhini, ambako miale ya jua imeipa hewa chaji ya umeme, kisha yakarudishwa chini. Mwanasayansi Edward Appleton alithibitisha kuwako kwa tabaka hizo mwaka 1924, na mwaka 1947 akapewa Tuzo ya Nobel. Kwa visiwa kama vyetu pana faida ya pekee: ukiyapeleka mawimbi hayo karibu wima, kwa waya uliofungwa kati ya minazi miwili, hurudi yakaangukia eneo lote la mamia ya kilomita kuzunguka, pasipo mnara hata mmoja. Fundi hutumia kiasi cha megahezi 7 mchana, na usiku, tabaka zinapopungua nguvu, hushuka hadi 3 au 5.

Adui wa mawimbi mafupi yuko kwingine. Radi za mbali huyajaza kelele, hasa usiku. Na jua, ambalo ndilo linaloyajengea daraja, ndilo pia linaloweza kulivunja. Mlipuko mkubwa ukitokea katika uso wa jua, miale yake hutufikia kwa dakika 8 tu, ikazidisha chaji katika tabaka la chini la anga, na tabaka hilo likayanywa mawimbi mafupi katika upande wote wa dunia ulio mchana. Tarehe 6 Septemba 2017 ulitokea mlipuko wa namna hiyo siku ile ile ambayo Kimbunga Irma kilikuwa kikivipiga visiwa vya Karibi. Watu waliokuwa wakitegemea mawimbi mafupi kuitana na kuokoana walijikuta kwa saa kadhaa hawasikiani. Hao walikuwa watu wa visiwani kama sisi, na walikuwa wamejiandaa kuliko sisi. Kosa halikuwa lao. Lakini somo ni letu.

Yatupasa kuongeza kuwa visiwa vyetu viko karibu na ukingo wa kusini wa ukanda wa anga ambamo chaji hizo hujikusanya zaidi, ukanda unaofuata ikweta ya sumaku ya dunia. Baada ya magharibi, hasa katika miezi ya karibu na Machi na Septemba, anga ya ukanda huo huchafuka, na mawimbi ya satelaiti zinazoongoza vyombo baharini yaweza kumetameta kama nyota. Nahodha anayeendesha chombo kwa kifaa hicho peke yake, akaiacha dira nyumbani, ajue hivyo.

Tumeyaeleza haya yote ili tufikie neno moja ambalo sisi tunaona ndilo kubwa. Katika mikataba ya mawasiliano huandikwa kwamba huduma itapatikana kwa asilimia 99.99 ya mwaka. Tarakimu hiyo hupendeza machoni, nayo maana yake ni kwamba huduma yaweza kukosekana kwa dakika 53 hivi kwa mwaka mzima. Ikiwa ni asilimia 99.9, ukosefu hufika saa 8 na dakika 46. Mtumishi akisoma hivyo hujiambia kwamba dakika 53 si kitu. Lakini dakika hizo hazigawanywi sawasawa kama mgao wa sukari. Hazimwangukii mtu saa nane ya mchana mkavu wa Januari. Huja pamoja, katika masika, katika mvua kubwa kabisa, usiku ambao mashua haijarudi, daraja limechukuliwa, na mzazi mwenye uchungu anahitaji kuvushwa. Yaani wastani wa mwaka huficha jambo lile lile tunalotaka kulijua: je, chombo kitasema siku tutakapokihitaji?

Bahari hii haina mzaha. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja kiasi cha kubadili uchumi wa visiwa hivi. Tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama ikielekea Pemba, na tarehe 18 Julai 2012 MV Skagit ikapinduka karibu na Chumbe katika upepo mkali. Hatusemi kwamba misiba hiyo ililetwa na simu mbovu. Twasema tu kwamba majini saa moja ya kutosikiana ni saa ya roho za watu.

Kwa hiyo twapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, kila kukatika kwa mawasiliano kati ya visiwa, au kati ya visiwa na bara, kuandikwe saa yake, muda wake, na hali ya mvua, upepo na maji ya bahari wakati huo. Vipimo vya Mamlaka ya Hali ya Hewa vipo. Daftari la kampuni lipo. Kinachohitajika ni kuvikutanisha mezani. Hapo itakuwa rahisi kutambua udhuru wa kweli na wa uongo. Mvua kubwa ya kitropiki aghalabu hukaa mahali pamoja kwa makumi ya dakika tu, nayo ikipita, kiungo hurudi chenyewe. Mlipuko wa jua hugusa upande wa mchana peke yake. Kwa hiyo kiungo kilichokufa siku tatu mfululizo hakikuuawa na mvua. Kimeuawa na betri, au jenereta, au uzembe, na hilo lina mtu wa kulijibu.

Pili, mikataba iulize hali ya mwezi mbaya kuliko yote, si wastani wa mwaka. Kipimo hicho si kigeni, mafundi wanakitumia. Mnunuzi aulize: katika mwezi wa Aprili, ni dakika ngapi?

Tatu, juu ya bahari na katika masafa marefu ya safari yatumike mawimbi ya gigahezi za chini, kama 6 hadi 8, yenye antena za jozi. Zile za juu zibaki mijini, ambako mnara na mnara zinatazamana kwa karibu.

Nne, na hili tunalisisitiza, tusiache mbachao kwa msala upitao. Mitambo ya mawimbi mafupi, pamoja na redio za baharini zinazotumia chaneli 16, idumishwe katika hospitali, bandari na ofisi za wilaya. Redio ya baharini si ya kudharauliwa: kutoka mnara wa mita 100, boti yenye antena ya mita 4 yaweza kusikika kiasi cha kilomita 49. Mitambo hiyo iwe na watu waliofunzwa, na ijaribiwe kila wiki, hasa wakati wa masika. Redio iliyofungiwa kabatini pamoja na ufunguo wake si akiba, ni samani.

Tano, umeme. Kuanzia Desemba 2009 Unguja ilikaa kizani kwa takriban miezi mitatu baada ya njia ya umeme kutoka bara kuharibika. Mnara usio na umeme haukatishwi na mvua wala na jua, umekwisha kukatika. Betri na mitambo ya umeme wa jua iwe sehemu ya mpango, isiwe nyongeza ya baadaye.

Wapo watakaosema kwamba fedha ni chache na kwamba njia moja iliyo nzuri yatosha. Sisi twajibu kwamba njia mbili za namna moja si njia mbili. Minara miwili ya gigahezi 20 chini ya wingu moja huzima pamoja. Bali waya wa baharini, kiungo cha masafa ya chini na mtambo wa mawimbi mafupi hazina udhaifu mmoja. Ile inayoogopa nanga haiogopi mvua, na ile inayoogopa jua haiogopi nanga. Mtambo wa mawimbi mafupi, ukilinganishwa na mnara, ni kitu cha bei ndogo.

Wananchi nao wana wajibu wao. Mvuvi asitoke bila kumwambia mtu wa pwani anakokwenda na saa ya kurudi, kwa kuwa neno hilo halihitaji mnara. Tangazo la hali mbaya ya hewa likisikika, salamu na mipango ipelekwe mapema, kabla ya mvua kuanza, si baada yake. Na betri za minara zisiguswe, kwani anayeiba betri ya mnara ananyamazisha kijiji kizima.

Hali ya hewa haisomi mikataba, wala haiogopi cheo cha mtu. Lakini tabia zake zimekwisha kuchunguzwa, kupimwa na kuandikwa, na asiyezijua leo hana wa kumsingizia. Masika yanakuja kila mwaka kwa tarehe tunazozijua. Ni matumaini yetu kwamba kabla ya masika yajayo kila ofisi inayohusika itakuwa imejibu swali moja dogo kwa maandishi: mawasiliano ya mnara yakizima usiku, mvua ikinyesha, nani ataita, kwa chombo gani, na nani atakuwa macho kumsikiliza?